UZI: Ukiwa Nairobi na unataka kwenda kuvua Pwani, uliza mwezi kwanza ndipo uombe likizo

#1 Mshipi Mrefu (Umoja)

Wakuu, habari za jioni.

Siku hizi naona vijana wengi wa hapa mjini wanachangishana nauli, wanapanda treni Syokimau na mishipi mipya, halafu Jumapili usiku wanarudi na samaki walionunua sokoni. Nimeyapitia hayo miaka mitatu mfululizo, ndiyo maana naandika. Shida yangu haikuwa chambo wala ndoana. Nilikuwa nachagua siku kwa kalenda ya kazini, na bahari ina kalenda yake.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa wikendi ya Madaraka, sikukuu ya mwanzo wa Juni. Tulikuwa wanne, tukakodi boti ndogo Kilifi, tukatoka nje ya mlango wa mwamba, ule upenyo wa kupitisha boti. Nikashusha mshipi na chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, nikingoja iguse chini. Haikugusa. Mshipi ulilala juu ya maji kama kamba ya kuanikia nguo. Nikafunga risasi ya pili, ikawa vile vile. Nahodha, mzee wa makamo, alitema mate majini akayafuata kwa macho. Kufumba na kufumbua yalikuwa yamepita nyuma ya boti. Akasema, "Leo maji yanakimbia, wanangu. Mngekuja juma lijalo." Aliyetupangia safari alikuwa ameambiwa hivyo mapema, ila hakutufikishia. Tulikuwa tumeshalipa. Upepo ukatupiga mpaka wawili wetu wakatapika, na tukarudi na tafi mmoja wa kiganja.

Mwezi ulikuwa mpevu usiku ule. Niliuona kabisa dirishani nikiwa kwenye treni, nikausifu kwa uzuri wake bila kujua unaniambia kitu.

Kwa hiyo tuanze na mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kukupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, vuto la jua linapunguza la mwezi, tunapata maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Bamvua lenyewe hukolea siku moja au mbili baada ya mwandamo au mpevu, na maji mafu vivyo hivyo huchelewa kidogo baada ya nusu mwezi.

Kwa Kilindini, bandari ya Mombasa, bamvua la kawaida lina tofauti ya karibu mita 3.2 kati ya kupwa na kujaa. Maji mafu ni kama mita 1.1. Maji yote hayo yanapita kwenye milango ile ile ya mwamba na midomo ile ile ya vijito, kwa muda ule ule wa saa sita na kidogo. Siku ya bamvua yanapita karibu mara tatu zaidi, na ndiyo sababu mshipi wangu ulilala.

Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa ule mpando mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwenye bamvua la mita 3.2, saa ya tatu peke yake inaleta sentimita 80. Saa hiyo usitarajie kukaa na mshipi wa chini ukaelewa kinachoendelea huko.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote. Maji ya Mombasa unaweza kuyakadiria hata ukiwa kwenye baraza la ghorofa ya nne Umoja. Mwezi unapofika utosini, hesabu muda wa saa nne hivi mbele: hapo ndipo maji ya Kilindini yanajaa. Unapochomoza, ukihesabu muda huo huo, unapata maji yaliyokupwa. Jaribuni. Usiku wa mwezi mpevu unafika utosini karibu saa sita usiku, maji yanajaa karibu saa kumi alfajiri. Si hesabu ya kumtosha rubani wa meli, lakini inakutosha kujua kama tarehe uliyopewa na bosi ina maana yoyote.

Nitaendelea. Wenye maswali waulize.

#2 Kijana wa Pipeline

Mzee wangu, shukrani. Mimi bosi ananipa Jumamosi na Jumapili tu, sina ujanja wa kungoja mwezi. Halafu nina programu kwenye simu inayonipa nyota za uvuvi kila siku, moja mpaka tano. Siku ya nyota tano nilienda Mtwapa nikapata sifuri. Hizo nyota zinatoka wapi?

#3 Mshipi Mrefu

Mdogo wangu, mwezi una wikendi nne kama wewe. Mara nyingi katika hizo nne mbili zitaangukia karibu na bamvua na mbili karibu na maji mafu. Huchagui siku, unachagua wikendi, na unachagua uvuvi unaofaa wikendi hiyo. Hilo nitalirudia chini.

Kuhusu nyota: nyingi ya programu hizo zinafuata nadharia iliyoanzishwa mwaka 1926 na Mmarekani John Alden Knight, kwamba samaki hula zaidi mwezi ukiwa utosini au chini ya miguu yetu, na kidogo unapochomoza na kutua. Nyingine huongeza mgandamizo wa hewa. Sikatai kwamba samaki wanaufuata mwezi. Ila kwetu mkondo ndio unaotawala, na mkondo wa pale Mtwapa haufuati nyota, unafuata umbo la kijito.

Na mgandamizo wa hewa ndio usiuhangaikie kabisa. Kule mbali na ikweta ukishuka maana yake dhoruba inakuja. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Hapa mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini karibu saa kumi, hata jua likiwaka wiki nzima. Programu inaona umeshuka saa kumi jioni, inakutangazia habari ambayo si habari.

Badala ya nyota, tafuta jedwali la maji. Mamlaka ya Bandari huchapisha la kila mwaka. Lisome mwenyewe.

#4 Binti wa Majengo

Kaka, umesema vizuri ila umeniudhi kidogo kwa bamvua. Unalisema kama ugonjwa.

Nimezaliwa Gazi, kijiji cha Pwani, nimelelewa na bibi, sasa niko Pumwani mwaka wa kumi na moja. Kwetu bamvua ndiyo siku ya kula. Bibi alikuwa hajui jedwali, alikuwa anajua mwezi wa Kiislamu tu. Mwezi mosi mpaka nne, na mwezi kumi na nne mpaka kumi na nane, hakuna mtu mzima anayelala asubuhi. Kwa sababu kwetu bamvua likitoka, linatoka saa nne, saa tano ya asubuhi, mchana mweupe. Maji yanakwenda mpaka mwamba unabaki nje, na pweza wako mashimoni mwao.

Bibi alikuwa na chuma chembamba na viatu vya plastiki, basi. Hatafuti pweza, anatafuta mlango wake: shimo lenye magamba ya chaza na kaa yaliyotupwa nje, masafi, kama mtu aliyefagia. Anaingiza chuma polepole, anangoja kikamatwe. Nilikuwa naona mkono wake unakaza kidogo tu, halafu anavuta kwa upole. Ukivuta kwa nguvu anajishika kwenye jiwe, na hapo unapoteza nusu saa.

Na alikuwa na sheria moja: maji yakigeuka, geuka. Asubuhi ya bamvua ukiwa nje kwenye mwamba, maji hayaji mbele yako tu. Yanajaza kwanza mkondo ulio nyuma yako, kati yako na pwani. Watu wa bara wanasimama wanapiga picha, wakigeuka kiuno kimeshafika. Nimeyaona kwa macho.

Viatu vya soli ngumu, tafadhali. Kuna samaki wa mawe mwenye miba ya sumu, hutamtofautisha na jiwe mpaka umkanyage. Mchangani buruza miguu, taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akisikia mtetemo anaondoka.

#5 Mshipi Mrefu

Dada, nakubali kosa. Bamvua ni baya kwa mshipi wa chini nje ya mwamba, na hilo nilifaa kulitamka hivyo. Asante kwa tarehe za bibi. Ni hesabu ile ile ya jedwali, na ni nyepesi kukaa kichwani.

Wengine ambao hawajashika: bamvua pwani yetu hujaa karibu saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukupwa saa nne, saa tano, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume, yanajaa karibu saa nne, saa tano. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo Jumamosi yakijaa saa tatu, Jumapili yatakuwa karibu saa nne kasorobo.

Na hapa niwape onyo lililonigharimu. Jedwali limeandikwa kwa saa ya dunia, nahodha anaongea saa ya Kiswahili. Niliwahi kusoma 04:30 nikamtumia nahodha ujumbe, "tuonane saa nne na nusu". Alikuja saa nne na nusu ya asubuhi kama nilivyosema. Mimi nilikuwa nimekaa ufukweni tangu saa kumi ya usiku, maji yakajaa mbele yangu, yakatoka mbele yangu. Siku hizi naandika hivi: "saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya adhana." Hakuna anayekosea hiyo. Pia hakikisheni kama jedwali la mtandaoni liko kwenye saa za Afrika Mashariki, mengine yako nyuma kwa saa tatu nzima.

Sasa lile nililoahidi, wikendi ipi kwa uvuvi upi.

Mshipi wa chini kutafuta changu na chewa: maji mafu. Mkondo ni mdogo, risasi inakaa, unasikia samaki anavyodonoa kidoleni. Kama huna budi kwenda bamvua, vua nusu saa kabla na nusu saa baada ya maji kusimama. Utajua yamesimama kwa kuangalia boti zilizotia nanga: zote zinaanza kuyumba bila mpangilio, halafu moja baada ya nyingine zinageuza pua.

Vijito kama Mtwapa, Kilifi, Tudor: hapa nataka maji yanayoingia, tena yenye nguvu ya kiasi. Samaki wadogo na kamba wanaingia mikokoni, kolekole na mzia wanawafuata. Natupa chambo ukingoni mwa mkondo, pale maji yanayokimbia yanaposugua maji yaliyotulia. Unauona mstari wenyewe, una povu na majani. Saa mbili za mwisho kabla ya kujaa ndizo zangu.

Samaki wa maji makuu, jodari, nguru, felusi, sulisuli: hapo mwezi unashuka cheo, msimu na upepo vinapanda.

#6 Baharia Mstaafu (Eastleigh)

Nyongeza kuhusu mwezi na usiku. Nilifanya kazi ya taa upande wa Shimoni kabla sijaja huku. Kwa uvuvi wa taa, tunachotaka ni giza. Mbalamwezi ikiwaka, bahari nzima ina mwanga, taa yako haina maana, dagaa na vibua hawakusanyiki. Siku za mwezi mpevu vyombo vinavutwa pwani, watu wanashona nyavu. Kwa hiyo mkialikwa "kwenda kuona uvuvi wa taa", ulizeni kwanza mwezi una siku ngapi. Ukiambiwa siku kumi na tano, mtakwenda kuona taa tu. Na ngisi ni hivyo hivyo, nao hufuata taa kwenye giza.

Ila ndugu yangu Mshipi, upepo hujauzungumza, na upepo ndio unaoua watu. Mwezi ukiukosea unarudi mtupu. Upepo ukiukosea hutarudi.

#7 Mshipi Mrefu

Mzee Baharia, ni kweli. Naomba uandike wewe, mimi niliujifunzia kwenye matapishi ya Madaraka.

#8 Baharia Mstaafu (Eastleigh)

Haya. Kuna pepo mbili kubwa. Kaskazi, karibu Desemba mpaka Machi, bahari nyepesi kwa kiasi na maji maangavu. Kusi, kuanzia Aprili, inakaza Juni, Julai mpaka Agosti, bahari chafu, mawimbi marefu kutoka kusini-mashariki. Wikendi ya Madaraka mliingia katikati ya kusi kwa boti ndogo, mshukuru Mungu. Kati ya hizo mbili kuna maleleji, upepo haujaamua, unaweza kupata siku kama kioo. Na kusi inapolegea, Septemba na Oktoba, tunaita demani. Hiyo ni zawadi. Jodari wanapita, na vyombo vidogo vinathubutu kutoka. Sulisuli, Watamu na Malindi, wao ni wa Novemba mpaka Januari.

Kaskazi pia si ya kuchezea. Alfajiri kuna upepo mwembamba wa nchi kavu, bahari imelala. Nchi ikipata moto, upepo wa bahari unaingia, na saa nane mchana si bahari uliyoiacha. Ndiyo maana wavuvi wanatoka kabla ya jua na kurudi adhuhuri. Mgeni wa Nairobi anataka kunywa chai kwanza.

Jambo la kulishika sana: upepo ukipingana na mkondo. Maji yanatoka kwenye kijito kwa kasi ya bamvua, upepo unaingia kutoka baharini, vinakutana pale mlangoni. Mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama wima kama ukuta. Upepo ule ule, saa tatu baadaye maji yakiingia, mlango unapitika. Nahodha akisema "tungoje maji yageuke", msimharakishe kwa sababu ya treni. Nimezika mtu aliyeharakishwa.

Noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Kwa boti ndogo ya wageni, utabiri ukifika noti 15 mimi nabaki. Utabiri wa bahari unatoka Idara ya Hali ya Hewa, na ofisi zao ziko hapa kwenu, Dagoretti Corner. Tahadhari wakiitoa, iheshimuni. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika upande wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, watu wengi walidhani hakituhusu kwa kuwa vimbunga havifiki kwetu mara nyingi. Mawimbi hayaulizi mpaka.

Koti la kuokolea kwa kila mtu. Kama chombo hakina, shukeni.

#9 Binti wa Majengo

Pole sana, mzee. Mungu amrehemu.

#10 Kijana wa Pipeline

Nimesoma mara mbili. Pole, mzee wetu. Swali la mwisho: nimealikwa Malindi mwezi wa tano, rafiki anasema samaki wapo tele. Mnaonaje?

#11 Mshipi Mrefu

Mei ni mvua ya masika na kusi inaanza, hilo moja. La pili ni la kwetu wenyewe wa Nairobi. Mvua inayonyesha hapa inaingia Mto Nairobi, unaingia Athi, Athi unakuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, na Sabaki unamwagika baharini kaskazini kidogo tu ya Malindi. Udongo wa mashamba ya huku juu unapaka ile bahari rangi ya chai ya maziwa, mbali kutoka ufukweni. Samaki wanaowinda kwa macho wanahama maji hayo. Wavuvi wa kule wanatafuta mpaka, pale kahawia inapogusa buluu, wanaburura chambo sambamba nao. Kwa hiyo mafuriko yakiwa South C, ujue siku chache mbele Malindi kuna maji machafu. Ningekushauri usogeze mpaka Oktoba, au Novemba mwanzoni kabla mvua za vuli hazijaujaza tena mto.

Pia kumbuka kuna hifadhi za baharini Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite ambamo hakuna kuvua kabisa, hata kwa mshipi mmoja. Muulize nahodha mipaka iko wapi kabla hujashusha kitu, na uliza leseni ya uvuvi wa burudani mapema. Ukikutwa bila, kosa ni lako.

#12 Mshipi Mrefu

Wakuu, natoa ripoti.

Tulikwenda Kilifi tena, mimi, Kijana wa Pipeline na wengine wawili. Demani, mwezi wa siku tisa. Alhamisi usiku niliuangalia pale Umoja, umekaa nusu magharibi, nikajua maji mafu yanaingia. Utabiri ulisema noti 8 asubuhi, 14 mchana.

Nahodha ni yule yule mzee. Nilimwamkia, akanitazama, akasema, "Leo umekuja na mwezi." Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, maji yakiwa yanaingia polepole. Nje ya mlango alitema mate tena. Yalikaa ubavuni mwa boti kwa muda, kisha yakaanza kusogea, taratibu, kama mtu anayetembea baada ya chakula.

Mshipi ulikwenda chini wima. Kwenye mita 28 niliisikia risasi inagonga jiwe, tiki, na nilikaa nayo pale. Chambo kilikuwa ngisi, kipande cha upana wa kidole. Mpaka saa tatu tulikuwa na changu wanne. Maji yalipokaribia kusimama, saa nne na robo hivi, samaki wakaanza kudonoa kila upande, dakika arobaini hatukupumzika. Kijana alipandisha chewa ambaye ilibidi tumsaidie kumwingiza. Mikono yake ilikuwa imekatwa na mshipi, na hakutaka kuachia.

Saa tano na nusu mzee alitazama kusini, akakunja mshipi wake bila kusema. Tukakunja wetu. Saa nane tukiwa ufukweni tunapara samaki, kule nje kulikuwa kumejaa povu jeupe.

Changu 11, chewa mmoja, pono wawili. Watatu tulimwachia mzee kwake, waliobaki walipanda treni nasi kwenye barafu. Dada wa Majengo, mwezi ujao mwandamo unaangukia Ijumaa. Tukutane Syokimau na viatu vya soli ngumu, utuonyeshe shimo la pweza.

#13 Binti wa Majengo

Nitakuja. Chuma cha bibi ninacho, kiko chini ya kitanda. Jumapili maji yatatoka kama saa tano asubuhi, kwa hiyo saa tatu tuwe tumeshashuka mwambani.